Mwaka Tulipojenga Misri Mjini Meru

Tulipomzika Kirimi kule Muthara, wasifu wake ulisomwa na mpwa wake kwa sauti nzuri isiyotetemeka. Tuliambiwa alivyolima, alivyokuwa mzee wa kanisa, alivyosimamia mradi wa maji mpaka bomba likafika kwa kila mtu, hata kwa wale waliokuwa wamekataa kuchanga. Nilikuwa nimeketi chini ya hema, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umezama katika udongo mwekundu. Kando yangu aliketi Bundi, ambaye zamani alikuwa fundi wa redio na sasa ana mvi hata kwenye nyusi. Wasifu ulipokwisha aliniinamia akasema, "Mwalimu, umesikia? Hakuna aliyetaja Misri." Nikamwambia hapa si mahali pake. "Kwa nini si mahali pake? Huyu mtu alikuwa na mji mzima, na hakuna mmoja aliyelala njaa. Nani mwingine hapa anaweza kusema hivyo?" Mama mmoja wa safu ya mbele akageuka akatuangalia, tukanyamaza kama wanafunzi. Kaburi lilichimbwa kando ya lile la mama yake. Nilitupa udongo wangu, nikarudi kwenye kiti changu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiishi zaidi katika mwaka ule mmoja wa Misri kuliko ninavyoishi katika huu.

Nataka kuieleza Misri hiyo vizuri, kwa sababu wengi wenu hamkuiona. Ulikuwa mchezo wa kompyuta. Jina lake la Kizungu limenitoka. Mashine zetu zilikuja kuukuu kutoka ng'ambo, na katika mojawapo yule aliyeitumia kabla yetu alikuwa ameusahau humo ndani. Ukiufungua unaiona nchi kutoka juu, kama ndege aionavyo: mto mpana, matete, jangwa, na wewe ndiye mtawala. Unaweka barabara, nyumba, kisima, ghala, soko. Watu wadogo kama punje za mchele wanahamia na mizigo yao mgongoni. Humwamuru yeyote kati yao. Unaweza tu kumjengea mahali pa kazi na njia ya kupita, halafu ungoje uone atafanya nini. Mwenye nyumba akipata maji, chakula na vyungu, kibanda chake kinageuka nyumba ya matofali, kisha nyumba iliyopakwa chokaa. Akikosa, nyumba inashuka kidogo kidogo mpaka anabeba mzigo wake na kuondoka. Ni mchezo wa kusubiri, na mwaka ule mimi nilikuwa na mengi ya kusubiri, ingawa nisingeweza kuyataja.

Nilikuwa nimekuja kutoka Kiritiri, katika nyanda kavu za Embu, kufundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Meru. Nasema chuo, lakini kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda mpaka kwetu kupitia nyufa za sakafu ya mbao. Wanafunzi walivua viatu mlangoni, kama ilivyokuwa desturi siku zile, kwa sababu vumbi tuliliogopa kuliko virusi. Wakati wa mvua ungekuta nje safu ya viatu vya matope, na ndani watu wazima wenye soksi zilizotoboka, wakiandika kwa kidole kimoja kana kwamba wanabonyeza parachichi kuona kama limeiva. Nilipenda kazi ile. Nilipenda kumwona mtu aliyekuwa akiogopa kipanya kama panya wa kweli akicheka peke yake jina lake lilipotokea kwenye kioo. Mchana kutwa ilikuwa "Madam, njoo huku" na "Mwalimu, imepotea." Kisha jioni wote wakavaa viatu vyao, na mimi nikavaa vyangu, nikaenda Makutano nilikokuwa nimepanga.

Chumba changu kilikuwa cha mbao, na ukuta kati yangu na majirani ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua wanapokoroga chai. Walikuwa wanawake wawili, dada, na maongezi yao ya jioni yalinifikia yote. Kimbeere changu na Kimeru chao ni ndugu, lakini ndugu waliolelewa nyumba mbili. Nilishika nusu ya maneno, na nusu niliyoikosa ndiyo iliyokuwa na kicheko. Nilipika ndengu nilizoletewa kutoka nyumbani. Kupikia mtu mmoja ni kazi ngumu kuliko kupikia kumi. Ndengu za kunitosha zilifunika tako la sufuria tu, zikaungua kabla ya kuiva. Baridi ya Julai ilipoingia, ile ya ukungu unaokaa mpaka saa sita, nililala na sweta mbili na kufikiria jua la kwetu. Sikutendewa ubaya na mtu yeyote, na hilo ndilo lililofanya hali yangu iwe ngumu kueleza. Jumapili, baada ya ibada, watu walinipa mkono uwanjani, "Muga," nami nikaitikia "Muga," na mkono ukaendelea kwa mtu mwingine. Hapo mji mzima ulirudi kwa jamaa zake kula. Nami nilikuwa na ufunguo wa chuo, kwa hiyo nilikwenda kupangusa mashine ambazo nilikuwa nimezipangusa Jumamosi.

Kirimi alikuja Jumapili moja ya namna hiyo. Alikuwa kijana wa Muthara aliyeleta miraa mjini kila asubuhi, mafungu yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, na akishauza alikuwa hana la kufanya mpaka gari la kurudi jioni. Aliona mlango wazi, akavua viatu bila kuambiwa, akasimama nyuma yangu. Nilikuwa nimeufungua mchezo kwa udadisi. "Hao ni mchwa?" akauliza. Nikamwambia ni watu. Akainama. "Wa wapi?" Misri, nikasema, ya zamani, ya mafarao. Akavuta kiti. "Mafarao wa Musa? Sasa Waisraeli wako upande gani?" Tulitafuta Waisraeli mpaka jioni. Jumapili iliyofuata alikuja na Bundi, ambaye duka lake la redio lilikuwa ng'ambo ya barabara. Iliyofuata alikuja Kananu, mwanafunzi wangu aliyekuwa akiuza ndizi kutoka Mitunguu na ambaye ulimi wake ulijulikana soko zima. Wanaume walikuwa wakibishana kwa Kimeru. Alisikiliza kidogo, akapiga meza kwa kiganja. "Nyinyi, ongeeni Kiswahili. Huyu si wa hapa." Maneno hayo yalinichoma na kunipasha joto kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo Misri ilizungumziwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha bara, kilichochanganyika na kila kitu, nami nikawa na mahali ambapo nilielewa vicheko vyote.

Miji yetu ya kwanza ilikufa kwa njaa, na sababu yake nafikiri isingetokea kwa wachezaji wa nchi nyingine. Sisi sote tulikuwa tumekulia chini ya maonyo ya chifu na bwana shamba: usilime kando ya mto. Tuliimbishwa hayo shuleni. Ukingo wa mto ni wa nduma, yaani magimbi, na majani ya ng'ombe, na mtu anayepeleka jembe mpaka majini ni mharibifu. Kwa hiyo kila mmoja wetu, bila hata kufikiri, aliweka mashamba yake juu, karibu na jangwa, akaacha ule ukingo mweusi wa mto wazi, kwa heshima kubwa. Ngano haikutoka. Kananu, aliyekuwa amekua kati ya migomba ya kumwagiliwa, aliitafuta mifereji kila mahali. "Bomba liko wapi? Hawa watu wana dhahabu na hawana bomba?" Kirimi alisema mchezo umeharibika safarini. Siku moja mkono wa Bundi ukateleza akaweka shamba ukingoni kabisa, na kabla hajaliondoa mto ukafura ukalifunika. "Nimekwisha! Nimefurikiwa!" Kananu akacheka mpaka akashika mbavu. "Ungekuwa kwetu chifu angekuwa ameshakushika." Lakini maji yalipopungua, udongo ukabaki mweusi, na shamba lile moja likatoa ngano iliyojaza ghala. Tuliinama sote mbele ya kioo. Mwishowe Kirimi akasema, kwa sauti ya mtu aliyekosewa, "Hiyo si kilimo. Hiyo ni kuharibu mto." Alichukua majuma kadhaa kabla ya kukubali kulima ukingoni, na hata alipokubali aliacha kipande kitupu, ili mto upumue.

Njaa ilipokwisha ndipo tulipogundua shida yenyewe ya mchezo ule, ile iliyotutia kwenye ubishi mwaka mzima. Ni hivi. Maji hayaendi nyumbani kwa mtu. Unajenga kituo cha maji, na kutoka hapo anatoka mtu mwenye mtungi anayetembea barabarani. Nyumba anayoipita inahesabiwa kuwa imepata maji. Vivyo hivyo mama wa soko, mganga, mlinzi wa moto. Lakini wapita njia hawa, kama tulivyowaita, wakifika njia panda wanachagua wenyewe, kulia au kushoto, kama waliofumba macho. Basi unaweza kuwa na visima vitano, na nyumba ya mwisho wa barabara ikafa kiu kwa sababu hakuna aliyegeukia huko. "Sasa huyu mjinga anaenda wapi?" Bundi alimpigia kelele mtu wa maji. "Rudi! Watu wanakufa huku!" Kwake hiyo ilikuwa kasoro ya kiufundi, na aliyeutengeneza mchezo angepaswa kurudishiwa. Kananu alikataa. "Kwani chifu wako anapita kila mlango? Daktari wa mifugo amefika kwenu mara ngapi? Hii gemu inasema ukweli, ndiyo maana inakuuma." Kirimi hakubishana. Alivunja njia panda zake zote, akajenga barabara moja iliyozunguka mji kama mshipi, na nyumba zote zikaikabili. Mpita njia akitoka hana pa kupotelea. Lazima awapite wote. Mji wake ukapanda, ukapakwa chokaa. "Mji gani huu wa barabara moja?" Kananu akamwambia. "Ni kama jela." Kirimi akajibu, "Jela yenye maji."

Nami nilikuwa na mji wangu, niliouchezea kabla hawajafika. Haukuwa mji mzuri. Nilikuwa na mtaa ulioelekea jangwani, na mwishoni mwake niliweka nyumba moja peke yake, nikawa naitazama. Ilipanda siku mtu wa maji alipogeukia huko kwa bahati, ikashuka alipoacha kuja. Haikukosa chakula, ghala lilikuwa limejaa. Haikukosa maji; kisima kilikuwa karibu. Ilikosa mtu wa kupita mbele ya mlango. Kirimi alinikuta nikiitazama. "Madam, hii nyumba mbona unaiacha inakufa? Weka kituo hapa karibu, dakika moja tu." Nikasema nitaweka. Akaniangalia, akaangalia kioo, kisha akasema jambo ambalo watu wa kwetu husema mara nyingi bila kulitia uzito: "Siku moja uje Muthara. Mama atafurahi." Nikasema nitakuja. Sikufikiri kwamba nitakwenda, wala sikufikiri kwamba alimaanisha.

Karibu na mwisho wa mwaka mwenye chuo alipanda ngazi Jumapili akatukuta. Mwalimu Mwirigi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa koti hata wakati wa jua, na mwenye haki kiasi cha kuchosha. Hakufoka. Alivua viatu vyake, akavipanga, akaingia na soksi zake za kijivu. Alisema wazazi wameanza kusema kwamba chuo ni nyumba ya michezo, na kwamba angependa mashine zote ziwe safi muhula utakapoanza. "Lakini sitaki kuhukumu kitu nisichokijua. Jumapili ijayo nitakuja. Kila mmoja aniambie maoni yake juu ya mchezo huu. Nikiona una maana, utabaki." Aliponiita pembeni aliniuliza pia kama nitaendelea naye mwaka ujao, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba chuo kimoja cha Embu kinanitaka. Ni kweli kilikuwa kinanitaka. Nikamwomba muda nifikiri. Lakini nilikuwa najua tayari: mchezo ukibaki, Jumapili zangu zitabaki, nami nitabaki. Ukiondoka, nitakwenda zangu.

Wiki ile nilitembea na siri hiyo kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Sikuweza kuwaambia wachezaji, "Semeni vizuri, tafadhali, nyinyi ndio watu pekee nilio nao." Mtu hasemi hivyo. Nilimwambia Kananu tu kwamba wajiandae. "Tujiandae nini? Si ni maoni?" Jumapili ilipofika walikuja wakiwa wamechana nywele. Mwalimu Mwirigi aliketi kwenye kiti changu, akaweka kofia yake juu ya goti. "Haya. Anza wewe, fundi." Bundi akasafisha koo. "Mzee, hii gemu ni nzuri, lakini ina makosa. Moja, wapita njia hawana akili. Mbili, mvua hakuna. Huwezi kuwa na nchi bila mvua, hata moja." Nikamkodolea macho, hakuniona. Kananu akafuata. "Mimi naona shida ni ng'ombe. Wanajenga makaburi makubwa ya mawe, na mtu wa kawaida hana hata ng'ombe moja ya maziwa. Na hao wanaojenga kaburi, hakuna aliyewauliza. Kwetu hata choo cha shule mnaitana baraza." Mwalimu Mwirigi akatikisa kichwa taratibu. Kirimi alikuwa wa mwisho. Niliomba moyoni. "Mzee, mimi nimecheza kuliko hawa. Nikikwambia haina kasoro nitakuwa nimekudanganya. Inakufundisha kulima mtoni. Inakufanya uvunje njia zote ndio watu wasipotee. Nimekasirika na hii gemu mpaka nimeota." Akakaa chini akiwa ameridhika kabisa, kama mtu aliyemsifu mkewe.

Leo ninaelewa kile ambacho nilipaswa kumweleza Mwalimu Mwirigi hapo hapo, mimi niliyekuwa mtu wa kueleza. Anayekipenda kitu ndiye anayezijua kasoro zake. Mkulima hasifu shamba lake. Analalamikia magugu ya kona moja ambayo mgeni hata hayaoni. Muulize mama juu ya mwanawe atakutajia uvivu wake kwanza. Watu wale watatu walikuwa wamesema maneno ya mapenzi, kwa lugha pekee ambayo watu wa milimani huitumia kwa mapenzi, lakini mzee yule alikuwa ameomba maoni, na alisikia alichoambiwa. Akanigeukia. "Na wewe, Mwalimu?" Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema, mchezo huu ndio unaoniletea watu. Badala yake nikaeleza kwa uangalifu jinsi wapita njia wanavyofanya kazi, njia panda, kituo cha maji, nyumba inavyopanda na kushuka. Nilieleza vizuri sana. "Kwa hiyo," akasema nilipomaliza, "ni mchezo wa barabara." Nikasema ndiyo, kwa namna fulani. Akavaa kofia. "Nawashukuru kwa ukweli wenu. Wenyewe mmesema una kasoro nyingi kuliko faida. Mwalimu, uufute." Kirimi akaenda kutafuta viatu vyake mlangoni. Waliposhuka ngazi niliwasikia wakilaumiana kwa Kimeru, na safari hii hakuna aliyewaambia waongee Kiswahili.

Niliufuta Jumatatu. Ni kazi ya kubonyeza mara mbili na kukubali mara moja. Jumapili iliyofuata nilikwenda chuoni hata hivyo, nikafungua mlango, nikaketi. Bundi alikuwa dukani kwake na redio zake. Niliona mgongo wake kupitia dirishani. Kananu alikuwa Mitunguu. Kirimi, kama alikuja mjini, hakupanda. Mbona wangepanda? Palikuwa hapana kitu. Niliandika barua ya kukubali kazi ya Embu katika mojawapo ya mashine zile safi, nikaichapisha, nikaiweka mkobani. Kisha, badala ya kurudi Makutano, nikajikuta stendi nikiulizia gari la Muthara. Nilijiambia kwamba ni adabu kumuaga mtu aliyenialika. Nadhani sababu ya kweli ni kwamba nilichoka kuketi.

Nyumba ya kina Kirimi niliipata kwa kuuliza. Alinipokea mama yake, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha kanisa bado kichwani. Kirimi alikuwa ameitwa Laare kufunga mzigo wa miraa, angerudi jioni. Nilianza kusema kwamba basi nitakuja siku nyingine, lakini alikuwa ameshanishika kifundo cha mkono na kuniingiza sebuleni, chini ya kalenda za kanisa na vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya kila kiti. Hakuniuliza mimi ni nani. Alileta uji wa mtama uliochachuka katika kibuyu, akaleta nduma na chai, akaketi mbele yangu kuhakikisha vinapungua. Niliponyweshwa vya kutosha ndipo aliponiangalia vizuri. "Wewe ni ule mwalimu ya Misri," akasema. Alikuwa anajua Kiswahili cha soko, na kilipomwishia aliingiza Kimeru polepole, neno moja moja, kama mtu anayemsaidia mtoto kuvuka kijito, nami nikamfuata. "Kirimi ananiambia kila Jumapili. Amejenga, amebomoa, amejenga. Mimi nikamwuliza, huyo mtu ya maji akifika kwa mlango, anasalimia?"

Nikamwambia hasalimii. Anapita tu, na kupita kwake kunatosha, nyumba inapanda.

"Hata haingii?"

"Haingii, mama."

Alitoa sauti ile ya meno ambayo akina mama wa huku huitoa wakimwona mtu akimwaga maziwa. "Mtu anapita kwa mlango yako na haingii, huyo amekutukana. Afadhali apite njia ingine. Hiyo si mji. Hao watu hawajuani." Alikaa akiifikiria Misri kwa uchungu. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama anayeuliza habari za mvua: "Na wewe huko Meru, unaingianga kwa nani?"

Nilikuwa na nduma mdomoni. Nilifikiria majirani zangu wa ukuta mwembamba, ambao majina yao nilikuwa nayajua kwa kuyasikia tu. Nilimfikiria Bundi, ambaye mgongo wake nilikuwa nimeuona saa chache zilizopita, ng'ambo ya barabara, na nikashuka ngazi nikampita. Mwaka mzima nilikuwa nimesubiri hodi, na sikuwa nimebisha hata moja.  Mama yule alinyanyuka, akachukua kikombe changu. "Hapa ni pa wageni ya kanisa," akasema. "Kuja jikoni."

Jiko lilikuwa nyumba ndogo nyuma, nyeusi kwa moshi, na joto lake lilinifika usoni kabla sijaingia. Alinipa kigoda, kisu, na beseni la ndizi mbichi, mkungu mzima uliokwisha kukatwa vichana. Nikavua sweta. Kwetu kukavu hatumenyi ndizi nyingi, na utomvu ulinipaka vidoleni weusi nisiojua kuuzuia, akacheka, akanipa mafuta ya kupaka. Majirani walipita njiani nje. Hakuna aliyepita tu. Kila mmoja alikunja kona, akaingia, akainama chini ya moshi, akaniuliza mimi ni wa nani, akaambiwa "Ni wangu, wa Meru," akachukua kisu au akachukua habari, akaenda. Niliwaelewa nusu. Nilicheka pamoja nao hata katika ile nusu nyingine.

Jioni Kirimi aliingia na harufu ya majani ya mgomba, akanikuta kwenye kigoda na mikono myeusi. Alisimama mlangoni. "Madam! Mpaka huku umefika?" Akatazama beseni, akamtazama mama yake, na furaha yake ilikuwa na aibu kidogo ndani, kwa sababu ya Jumapili ile ya maoni. Akakohoa. "Nilisikia unarudi Embu. Unaenda lini?"

Nilifungua kinywa nimwambie kuhusu barua. Mama yake hakuinua hata macho kutoka kwenye kisu.

"Aende wapi," akasema, "na ndizi haijaisha?"